Siku Asekenye Alipoita Ng'ombe Wake Wote

Kabla malori hayajaijua njia ya Majanji, samaki waliofika Tororo walifika juu ya kichwa cha Asekenye. Sisemi wote, watu wasije wakaniita mwongo; wachuuzi walikuwa wengi. Lakini wenzake walitembea mwaka mmoja au miwili, wakaolewa au wakachoka, na yeye akatembea miaka ishirini. Alinunua samaki wakavu ziwani, akawapanga kikapuni, akajitwika, akapita Dabani, akapita Busia, akapita Tororo mjini, akamalizia Mukuju au Petta, kutegemea wapi watu walikuwa na hamu ya samaki na wapi walikuwa na senti.

Mumewe alikuwa amekufa mapema, na shemeji zake wakachukua kila kitu, hata jiwe la kusagia. Hilo la jiwe hakulisahau kamwe. Mbuzi aliwasamehe, mabati aliwasamehe, lakini jiwe! Alirudi Mukuju kwa kaka yake mikono mitupu, kisha akaenda kupanga chumba Busia, upande wa Uganda, karibu kabisa na mpaka, akaanza biashara kwa mtaji wa shilingi kumi na mbili.

Faida ilipopatikana hakuiweka chini ya godoro. Alinunua mtamba. Sasa mwanamke wa chumba cha kupanga atamfunga ng'ombe wapi, kwenye mguu wa kitanda? Na angemfunga kwa kaka yake, shemeji wangesikia na kuja na maneno yao. Kwa hiyo alifanya kama watu wa pande zile wanavyofanya: alimpeleka ng'ombe akalale kwa rafiki. Rafiki anafuga, anakunywa maziwa, mbolea inakwenda shambani kwake, na dume likikua anavutia plau. Kila ndama wa tatu ni wa mfugaji. Mwenye ng'ombe haji kuhesabu, na mfugaji haandiki popote. Mwenyewe akipata shida, ugonjwa au harusi ya mpwa, anakuja kuomba ng'ombe wake mmoja, na anapewa pamoja na chai.

Hivyo kila nyumba aliyozoea kulala njiani ilipata mtamba wa Asekenye, mmoja mwaka huu, mwingine baada ya miaka miwili. Nyumba zikafika kumi na mbili. Ya kwanza ilikuwa kwa Wilkister wa Dabani, mjane kama yeye, mwenye watoto sita. Ya mbali kabisa ilikuwa kwa Osire wa Petta, mtu mrefu, mkali, mwenye sauti ya kugombana hata anapokusalimu. Osire alipewa mtamba mweusi mwenye pembe moja iliyopinda, akalalamika kwa ile pembe siku nzima, kisha akamtunza kuliko watoto wake.

Mwaka wa sitini na tano malori yakaja. Samaki waliondoka ziwani asubuhi na kufika Tororo kabla ya chakula cha mchana, na bei ikaanguka vibaya. Asekenye alikuwa amevuka hamsini. Shingo ilimuuma, magoti yalimuuma, na sasa alichokibeba hakikumlipa hata gharama ya kukibeba. Alikaa chumbani siku tatu bila kwenda popote, jambo ambalo jirani zake hawakuwahi kuliona.

Siku ya nne alisikia kwamba mzee mmoja Mhindi wa Tororo, mwenye mashine ya kusaga, amechoka na anaiuza. Mashine ilikuwa kuukuu lakini nzima, na bei yake ilikuwa shilingi elfu mbili na mia nne. Asekenye alikwenda kuiona. Mzee akaiwasha. Mahindi yakaingia juu, unga ukatoka chini, na mwanamke mmoja akajaza debe lake kabla hajamaliza kumsimulia mwenzake habari za mkwewe. Asekenye aliweka kiganja chini ya unga ule, ulikuwa na joto. Alilikumbuka jiwe lake. Akajua kwamba anaitaka mashine hii kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka duniani.

"Nina mia nane," alisema.

"Leta zote mwisho wa mwezi," mzee akajibu. "Baada ya hapo kuna mtu wa Mbale anaichukua."

Wakati huo serikali ilikuwa imetangaza mikopo kwa wafanyabiashara Waafrika, na kamati ya mikopo ilikuwa na ofisi yake mjini. Asekenye alioga, akavaa gomesi lake la kanisani, akaenda. Karani wa mikopo aliitwa Cornelius Okanya, kijana mwenye shati jeupe na adabu nzuri. Alimpa kiti, akafungua fomu.

"Mama, una shamba lenye hati?"

"Sina."

"Nyumba?"

"Nimepanga."

"Mume anayeweza kutia sahihi?"

"Huyo ukimpata, mwambie namsalimu."

Okanya alijizuia asicheke. "Sasa dhamana yako ni nini, mama?"

"Ng'ombe."

Uso wa karani ukachangamka. "Ng'ombe ni dhamana nzuri. Ni wangapi?"

"Sijui. Nafikiri kumi na tano."

"Hujui? Wako wapi?"

"Wanalala kwa rafiki zangu. Mmoja huku, wawili kule. Dabani, Petta, kote kote."

Okanya aliweka kalamu chini taratibu. Hakuwa mtu mbaya, na hata kwao kulikuwa na ng'ombe wa watu. Lakini fomu ilikuwa na mstari mmoja tu wa mahali dhamana ilipo, tena mfupi. "Mama yangu," alisema, "nikiandika kote kote, kamati itanifukuza kazi. Wakusanye wote mahali pamoja, siku moja. Nitakuja mwenyewe, niwaone kwa macho, niwahesabu. Nikiwaona, pesa utapata."

Asekenye aliondoka pale akiwa na furaha ya kupitiliza. Kichwa chake kilijaa mashine. Alichagua uwanja ulio mbele ya nyumba ya kaka yake, Mukuju, karibu na soko, na akachagua Jumamosi ya wiki iliyofuata ili wenye kutoka mbali wapate siku za kutembea. Kisha akamtafuta Aidah, mchuuzi mwenzake aliyekuwa bado anatembea njia ile.

"Waambie Asekenye anaita ng'ombe wake wote," alimwambia. "Jumamosi, Mukuju, kwa kaka yangu."

Aidah alimtazama. "Wote?"

"Wote."

"Wote, siku moja?"

"Aidah, masikio yako yamekuwaje leo?"

Aidah akaenda. Alilifikisha neno Dabani kama alivyopewa, na kutoka pale likapitishwa nyumba kwa nyumba, bila yeye.

Usiku wa Ijumaa Asekenye hakupata usingizi. Sasa, kazi yote ikiwa imefanyika, ndipo hofu ilipopata nafasi. Je, wasipokuja? Hakuna karatasi hata moja. Ng'ombe wengine, kwa kufika usiku na kuondoka alfajiri, alikuwa hajawaona kwa miaka minane. Mtu angeweza kusema amekufa kwa ndigana, na nani angembishia? Angeikosa mashine, hilo lingeuma. Lakini kilichomtisha zaidi ni jambo jingine: angejua kwamba kwa miaka ishirini alikuwa akilala kwenye nyumba za watu, akidhani ni nyumba za rafiki.

Asubuhi Okanya alifika mapema kwa pikipiki ya ofisi, akapewa kiti kivulini. Saa tatu hakuna kitu. Saa nne hakuna kitu. Karani alitazama saa yake kwa siri, kama mtu mwenye adabu, na Asekenye akaiona siri ile.

Ndipo wakasikia kilio.

Kilitoka barabara ya Tororo, kilio cha msiba hasa, cha wanawake wengi, na sauti moja ya mwanamume ikiwapita wote. Asekenye alisimama. Vumbi lilipanda, na ndani ya vumbi zikatokea pembe, halafu migongo, halafu watu wenye majani mabichi mikononi. Mbele yao alikuwa Osire wa Petta, amejifunga shuka kiunoni, analia kwa nguvu kiasi kwamba hakuona alikokuwa akikanyaga.

Asekenye alishtuka, akamkimbilia. "Osire! Pole, ndugu yangu! Umefiwa na nani?"

"Nafiwa na Asekenye," Osire akajibu bila kuinua uso. "Na hawa watu wa Mukuju nazika yeye bila kuambia sisi! Sisi ni mbwa? Kaburi iko wapi? Nionyeshe mimi kaburi!"

Kisha akainua uso.

Wanawake wawili walitupa majani wakakimbia. Ng'ombe wakatawanyika. Osire alirudi nyuma hatua tatu, akanyoosha fimbo yake, akamgusa Asekenye begani kwa ncha, mara moja, mara mbili, kama anayepima kina cha mto.

"Sasa wewe," alisema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "wewe nakufa ama hapana kufa?"

"Bado," Asekenye akasema.

Papo hapo akaelewa, akajishika kichwa kwa mikono miwili. Mtu aliye hai anaomba ng'ombe mmoja. Wote, siku moja, huitwa wakati mwenyewe ameshazikwa, siku ya kumaliza msiba, ili warithi wagawane. Alilijua hilo tangu utoto wake, na Aidah alijaribu kumkumbusha. Mashine ilikuwa imemfuta akili.

Osire alipohakikisha kwamba ni yeye, alimtukana kwa Kijopadhola, lugha ya kwao, muda mrefu, kisha akamkumbatia, kisha akamtukana tena. Lakini wengine walikuwa bado njiani, na kila kundi lilipofika lilifika na kilio chake, likasimama, likapiga kelele, likacheka mpaka likakaa chini. Wilkister alikuja mwisho. Alikuwa ametembea siku mbili kutoka Dabani na watoto wake wanne wakubwa na ng'ombe watatu, miguu imevimba. Alipomwona Asekenye hakukimbia wala hakucheka. Alimshika uso kwa mikono miwili, akamtazama sana, akasema, "Mungu ni mwema," akaomba maji.

Okanya alihesabu. Alihesabu mara mbili kwa sababu hakuamini ya kwanza. Ng'ombe walikuwa thelathini na mmoja.

"Hapana," Asekenye alisema. "Umehesabu wa watu."

"Wako," Osire akasema. "Ile nyeusi nazaa hii. Hii nazaa ile. Ya tatu ni yangu, nabaki nyumbani. Wewe nafikiri mimi ni mwizi?"

Nyumba kumi na mbili, na kila nyumba ilisimama mbele ya karani ikataja nani mama wa nani, nani alikufa mwaka gani na ngozi yake iko wapi. Mmoja wa wafugaji, mzee wa karibu na Malaba, alileta ndama wa ng'ombe ambaye Asekenye mwenyewe alikuwa amemsahau kabisa.

Asekenye alijiegemeza kwenye ukuta wa nyumba ya kaka yake. Watu hawa walidhani amekufa. Hakuwa na mtoto, hakuwa na mume, hakuwa na karatasi, na mwenye ng'ombe alikuwa, kwa walivyojua wao, ameshaoza. Nani angewadai? Wangeweza kukaa kimya, ng'ombe wakawa wao milele, na hata malaika asingeuliza. Nao wakatembea siku mbili kwenye vumbi kumletea maiti mali yake. Aliwatazama watu aliowajua miaka ishirini, akaona kwamba hakuwahi kuwajua.

Okanya naye alikuwa ameshika kofia mkononi, na hakukumbuka aliivua saa ngapi. Akasema, "Mama, mkopo umepata. Nakuahidi. Sasa tutawapiga chapa ya kamati, watakaa hapa kwa mchungaji mmoja, mpaka utakapomaliza kulipa. Miaka mitatu."

"Hapa?" Asekenye akauliza.

"Dhamana lazima ikae mahali pamoja, mama."

Asekenye aliwatazama watoto wa Wilkister, wamelala kwenye nyasi wakiegemea ubavu wa ng'ombe ambaye maziwa yake ndiyo yaliyowakuza. Aliwatazama maksai wawili aliowaleta Osire, shingo zao zina sugu za nira, na mvua za kulima zilikuwa karibu. Mwezi ulikuwa umebakiza siku sita tu. Alichokiomba kilikuwa mbele yake chote, kimekamilika kupita alivyoomba, na hakuweza kunyoosha mkono akichukue.

"Chukua," Osire alimwambia kwa ukali. "Ni yako. Mimi nalima kwa jembe, sitakufa."

"Chukua, dada," Wilkister akasema.

Asekenye alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtoka wazi, hakuyafuta. "Bwana karani, nisamehe nimekupotezea siku. Warudi walikotoka. Mashine aichukue mtu wa Mbale."

Wilkister akajikuna shingoni na kuuliza jambo ambalo wengine wote walikuwa wakilifikiria. "Sasa hii vitu yetu tunafanya nini?"

Maana walikuja msibani, na hakuna mtu wa pande zile anayekwenda msibani mikono mitupu. Kulikuwa na magunia ya wimbi, kulikuwa na kuku waliofungwa miguu, kulikuwa na mbuzi tisa. Osire alileta fahali lake mwenyewe, mbali na ng'ombe wa Asekenye, la kumchinjia rafiki yake. Na kila mama alikuwa na fundo la shilingi kwenye pindo la nguo, rambirambi ya majirani waliobaki nyumbani. Kitu kilichotoka nyumbani kwa ajili ya msiba hakirudishwi. Ukirudi nacho umekwenda kukikaribisha kifo kwako. Hilo hata Okanya, na shati lake jeupe, asingelithubutu.

Osire alifikiri sana, uso umekunjamana. Halafu akapiga fimbo chini.

"Hii ni rambirambi ya nani?" akauliza.

"Ya Asekenye," wakajibu.

"Basi apewe Asekenye! Tunakopesha yeye kifo yake. Anakula sasa. Siku anakufa kweli, sisi tunakuja mikono mitupu, na hapana mtu kutusema."

Kicheko kilichotoka pale kiliwafikia watu wa sokoni, wakaja kuona. Okanya alicheka mpaka akachoka, kisha ukarani ukamrudia. "Na dhamana, mzee?"

"Dhamana ni kufa kwake," Osire akasema. "Hiyo atakimbia nayo wapi?"

Ilikuwa siku ya soko. Fahali liliuzwa, mbuzi wakauzwa, wimbi na kuku wakauzwa, na mafundo yakafunguliwa moja baada ya jingine kwenye kanga ya Wilkister. Okanya ndiye aliyeombwa ahesabu, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Pamoja na zile mia nane za Asekenye, zilipungua shilingi kumi na nne kufikia bei ya mashine. Aliingiza mkono mfukoni mwake, akaziweka, akapanda pikipiki akaondoka bila kuaga mtu. Fomu yake ilirudi ofisini tupu.

Mashine ilikaa Busia, kwenye chumba cha mabati karibu na mpaka, na wanawake wa pande zote mbili waliisikia ikiguruma wakajua unga upo. Asekenye hakujitwika tena. Alikaa mlangoni na unga kwenye kope, akitania watu, na Aidah akawa mkono wake wa kulia. Ng'ombe walibaki walikokuwa, wakazaa kama kawaida. Waliopita kusaga walimtania: "Mama, lini tunakuja mikono mitupu?" Naye alijibu, "Ngojeni, bado nasaga."

Alisaga miaka minne. Mwaka wa sitini na tisa, mvua za masika zikiwa zimeanza, aliamka, akasema kifua kinambana, akajilaza kidogo, hakuamka. Walimzika Mukuju, kando ya nyumba ya kaka yake. Aidah, macho yamemvimba, alituma neno njiani kama desturi inavyotaka: Asekenye anaita ng'ombe wake wote, Jumamosi, Mukuju.

Na watu wakacheka. Njia nzima, kutoka Dabani mpaka Petta, walicheka. Anataka mashine gani tena huyu, wakaulizana, ama sasa anataka lori? Walikuja na ng'ombe, wamevaa vizuri, mikono mitupu kama walivyopatana, wakiimba. Osire alitangulia, amezeeka, na alikuwa amejiandalia tusi jipya kabisa kwa ajili yake.

Waliona udongo mbichi kando ya nyumba, na wimbo ukafa.

Aidah aliwapeleka kwenye ghala ya kaka. Ndani kulikuwa na magunia kumi na mawili ya unga. Asekenye aliyaweka pale tangu mwaka wa kwanza wa mashine, na kila mavuno alitoa unga wa zamani akatia mpya. Hakujua kuandika, kwa hiyo kwenye kila gunia alichora kwa mkaa ng'ombe wa nyumba itakayolichukua. Watu wakapita polepole, kila mmoja akitafuta ng'ombe wake. Wilkister aliona wake mwenye baka usoni. Mzee wa Malaba aliona ndama wa yule ng'ombe aliyesahauliwa.

Gunia la mwisho lilikuwa na ng'ombe mweusi mwenye pembe moja iliyopinda. Osire alilitazama. Alipitisha kidole juu ya ile pembe, mkaa ukamganda kidoleni, akakaa chini kwenye udongo na kuanza kulia kwa ile sauti yake kubwa. Safari hii hakuna aliyemkimbilia kumuuliza amefiwa na nani.